Vitu vya familia vimekamatwa ndani ya kesi ya shemeji (Lubumbashi). Mwenye mali anaingilia wapi?

Kamalondo_B

Jambo wote. Shemeji yetu yuko Kasapa (gereza), alikuwa mtunza depo wa kampuni moja ya serikali. Anashtakiwa kuuza nyaya za shaba za depo, na karatasi za parke (ofisi ya mashtaka) zinasema détournement (kufuja mali ya umma). Inspekta walikamata vitu vitatu: Hiace ya yaya (ndugu yetu mkubwa; alimwazima shemeji, wanasema ndiyo ilibeba nyaya usiku), lupango (kiwanja) la Katuba lililo kwa jina la bibi (mke) wa shemeji, na dola 6,200 zilizokuwa kabatini, ambazo ni za likelemba (mchango wa zamu) ya wamama wa avenue.

Kesi imepangwa mwezi ujao kwenye tribunali kubwa (TGI, tribunal de grande instance). Jamaa wanatupa mashauri mawili. Wengine wanasema tungoje hukumu itoke, wakitaifisha ndipo kila mtu adai chake. Avoka (wakili) wa shemeji anasema atatetea vyote pamoja, hakuna haja ya kulipa avoka wa pili. Ni lipi sahihi?

---

Metre_wa_Kenya

Yote mawili si sahihi, na lile la kungoja ndilo baya zaidi.

Kwanza tenganisha maneno mawili ambayo watu wanachanganya. Kukamata (saisie) ni kazi ya polisi na parke: kitu kinashikwa kisipotee mpaka jaji aamue. Kutaifisha (confiscation) ni adhabu, na inatoka ndani ya hukumu tu. Leo vitu vyenu vimekamatwa, havijataifishwa. Dirisha lenu ni hapo katikati.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 14 cha kitabu cha kwanza cha code pénal (sheria ya makosa ya jinai). Kisomeni polepole, maana kina miguu miwili isiyolingana. Mguu wa kwanza ni vitu ambavyo kosa lilitendwa juu yake, au vilivyotumika kulitenda, au vilivyotayarishwa kwa kulitenda. Hivi vinataifishwa *kama ni mali ya aliyehukumiwa*. Mguu wa pili ni vitu vilivyozaliwa na kosa. Huku sheria haiweki sharti la nani mwenye jina.

Sasa wekeni vitu vyenu vitatu juu ya miguu hiyo. Hiace inashtakiwa kwamba ilibeba, yaani ni chombo. Yaya akionyesha kwamba motokari ni yake, si ya shemeji, mguu wa kwanza unavunjika, hata kama kweli ilibeba nyaya. Lupango linashtakiwa kwamba lilinunuliwa na feza ya shaba. Hapo kusema "certificat iko kwa jina langu" hakumalizi neno. Lazima muonyeshe lilinunuliwa lini na kwa feza ya wapi. Dola za kabatini ni hivyohivyo, na zaidi, kwa sababu noti haina jina.

Ndiyo sababu kila kitu kinahitaji mdai wake na hoja yake: yaya kwa Hiace, bibi kwa lupango, mweka hazina wa likelemba kwa feza. Mkiandika barua moja ya "familia", parke itaisoma kama barua ya shemeji.

Kuhusu avoka mmoja: kazi yake ni kusema "mteja wangu hakuiba". Kazi yenu ni kusema "aliiba au hakuiba, hii si yake". Siku shemeji akijitetea kwamba hizo dola ni akiba ya mshahara wake, ameua dai la wamama kwa mdomo wake mwenyewe, na avoka huyohuyo hawezi kusimama kumpinga. Tafuteni mwingine kwa wadai. Mmoja anaweza kutosha kwa wote watatu kama hawagombanii kitu kimoja.

Kwa nini msingoje hukumu? Code ya mwenendo wa kesi za jinai (ya 6 Agosti 1959) inatoa siku 10 za kukata rufaa, kuhesabu toka hukumu kusomwa, au toka kupelekewa kama mtu hakuwapo. Lakini rufaa hiyo ni ya walio ndani ya kesi: mshtakiwa, upande wa madai, anayewajibika kwa ajili yake, na parke. Mwenye Hiace ambaye hakuingia hana mlango pale. Tierce opposition, dawa ya mtu aliyeumizwa na hukumu ambayo hakuitwa, imo ndani ya code ya kesi za madai (7 Machi 1960), si ndani ya ile ya jinai, na ndiyo maana avoka wa Serikali watapinga hata ruhusa ya kuileta. Unaweza kupigana hivyo, au kufungua kesi mpya ya umiliki, lakini unapanda mlima huku motokari inaoza uani.

---

Grefye_Mstaafu

Metre amesema kweli. Niongeze upande wa karatasi, maana dai zuri linakufa kwenye karatasi.

Anzeni na namba. Parke, faili linaitwa RMP, na namba yake inafuatwa na herufi za jina la majistra. Likifika tribunali linapata namba nyingine ya RP, na kwenye rufaa RPA. Barua isiyo na namba inazunguka maofisini mpaka kesi inaisha. Kwa kuwa yenu imeshapangwa mbele ya tribunali, parke haishiki tena uamuzi juu ya vitu. Barua ya kuomba mainlevée (kuachiliwa kwa kitu kilichokamatwa) kwa majistra wa parke ilikuwa ya mwezi uliopita. Sasa ombi linaenda kwa rais wa tribunali, kopi kwa prokireri (mkuu wa parke), na mdai anaingia ndani ya kesi kwa intervention volontaire (kuingia kwa hiari), yeye au avoka wake mwenye procuration spéciale (hati ya kumwakilisha). Kila barua mnapeleka na kopi ya pili, grefe (ofisi ya karani wa tribunali) inaigonga mhuri wa kupokea na tarehe. Kopi hiyo msimpe mtu.

Halafu ombeni kopi ya PV (hati ya maelezo) ya saisie. Sheria inataka PV ieleze vitu vilivyokamatwa na itiwe sahihi na aliyevishika, na kama hayupo au anakataa, iandikwe hivyo. Isomeni kama mnasoma mkataba. Kama imeandikwa "minibus moja nyeupe", hiyo si maelezo. Lubumbashi ina Hiace nyeupe ngapi? Mnataka namba ya shasi. Hapo kuna mtego: motokari zilizotoka Japani moja kwa moja, hizi za usukani wa kuume, hazina namba ya alama 17. Zina namba fupi yenye kistari katikati. Makarani wengine wakiona fupi wanafikiri imekatwa, wanaandika namba ya injini badala yake, na injini ikiwa ilibadilishwa, karatasi zako na PV haviongei lugha moja. Ombeni kuisoma kwenye chuma mbele ya mtu wa ofisi, mpige picha, mwandike tofauti hiyo ndani ya ombi kabla upande mwingine haujaiona.

Kwa Hiace leteni carte rose (kadi ya motokari), karatasi za DGDA (forodha) za siku ilipoingia mpaka wa Kasumbalesa, bima, na risiti za kila mwaka. Kama carte rose bado iko kwa jina la aliyemuuzia yaya (na ya wengi iko hivyo), acte de vente (hati ya mauzo) inabeba mzigo wote. Acte ya mkono kwa mkono haina tarehe ya uhakika mbele ya watu wengine mpaka isajiliwe, au mmoja wa waliotia sahihi afe, au itajwe ndani ya acte ya ofisi. Kwa hiyo tarehe ya notaire (ofisa anayethibitisha hati) ndiyo inayohesabika, si ile mliyoandika juu. Ikiwa notaire aligonga baada ya shemeji kukamatwa, tafuteni ushahidi mwingine wa zamani: bima kwa jina la yaya, malipo ya benki, risiti za garage.

Na tafadhali, mtu asijaribu "kurekebisha" karatasi. Inaonekana. Kosa la kila siku ni acte ya mwaka 2012 yenye mhuri wa "Province du Haut-Katanga". Haut-Katanga imezaliwa 2015, Katanga ilipogawanywa. Mwaka 2012 mhuri ulisema Katanga peke yake. Kosa lingine ni sahihi ya chef de quartier ambaye siku hiyo alikuwa bado hajateuliwa. Dai la kweli la yaya linazama pamoja na karatasi ya uongo ya jirani, halafu kesi ya faux (kughushi) inafunguliwa.

---

Kamalondo_B

Aksanti sana wakubwa. Lupango lilinunuliwa 2019, certificat d'enregistrement (hati ya umiliki) ilitoka 2020, jina la bibi. Parke inasema nyaya zilianza kupotea 2021. Bibi ni mchuuzi wa vitenge soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi). Ndoa yao ni ya mahari tu, état civil (ofisi ya kusajili ndoa) hawajaenda. Inatuharibia?

---

Metre_wa_Kenya

Kwa lupango, tarehe zenu ni nzuri kuliko mnavyofikiri. Kitu kilichonunuliwa 2019 hakiwezi kuzaliwa na wizi wa 2021. Semeni hivyo waziwazi katika aya ya kwanza ya ombi, kabla ya maneno ya huruma. Wekeni certificat, contrat, risiti za malipo, na kopi mpya ya hali ya lupango toka kwa conservateur des titres immobiliers (ofisa wa hati za ardhi) inayoonyesha hakuna mabadiliko toka 2020.

Ila parke haitashambulia kiwanja kitupu. Itashambulia nyumba iliyo juu. Kama mlijenga 2022, watasema saruji na mabati ni feza ya shaba. Tayarisheni mfuatano wa ujenzi: msingi lini, kuta lini, mabati lini, na kila hatua ilipwe na nini. Daftari la mauzo ya vitenge, bordereau za mizigo, risiti za place sokoni. Si lazima kila msumari uwe na risiti, ila hesabu iwe na akili: mtu anayeuza vitenge vya dola 800 kwa mwezi hajengi ghorofa kwa mwaka mmoja, na jaji anajua bei ya saruji kama sisi.

Ndoa: kama ingesajiliwa, na hawakuchagua régime nyingine, Code de la famille (ya 1987, iliyorekebishwa 2016) inawaweka ndani ya communauté réduite aux acquêts: kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili, na bibi angedai sehemu yake. Bila acte ya état civil hoja hiyo ni dhaifu mbele ya tribunali. Lakini angalieni, kukosa acte hiyo kwenu kuna msaada wake: bila communauté, lupango lililo kwa jina lake na lililolipwa na vitenge vyake ni lake *lote*. Kwa hiyo msikimbilie kusajili ndoa wiki hii kwa sababu ya kesi. Ongeeni na avoka wa wadai kwanza.

Jambo moja la hatari. Yaya na bibi wakiulizwa, wajibu walichoulizwa. Mtu anayesema "tulijua anatoka na nyaya lakini motokari ni yangu" amejiingiza mwenyewe kwenye recel (kupokea mali ya wizi) au ushiriki. Kumiliki na kutojua ni vitu viwili, na kwa Hiace vyote viwili vinapimwa hata kama sheria inataja cha kwanza tu.

---

Mama_Likelemba

Kuhusu zile dola 6,200, msiende na maneno. Leteni daftari lenyewe, si kopi iliyoandikwa upya kwa kalamu moja. Daftari la kweli lina wino tofauti, mafuta ya kupikia kwenye kona, mtu aliyekosa wiki mbili akafutwa. Hesabu lazima ifike 6,200 kwa tarehe ya kukamatwa: wanawake wangapi, kila mmoja ngapi, zamu ya nani ilikuwa imefika. Kama wako 31 na kila mmoja anaweka 200, inaingia sawa. Kama daftari linasema 5,400, semeni 5,400 ndizo za likelemba na zile 800 mziache. Kudai noti zote kwa daftari lisilofika ndiko kunakofanya jaji akatae hata zile zilizo wazi. Wanachama watatu au wane waje kama mashahidi, na mweka hazina aeleze kwa nini feza zililala kwa shemeji. Swali hilo litaulizwa, hakika.

---

Grefye_Mstaafu

Kweli kabisa. Na angalieni PV kama imeandika feza kwa aina ya noti (mia ngapi, hamsini ngapi). Likelemba ya dola 200 kwa mtu inatoa noti mchanganyiko. Rundo la mia mpya zilizofungwa kwa mpira wa benki linasimulia habari nyingine.

Baada ya hukumu: sikilizeni dispositif, sehemu ya mwisho inayoanza na "par ces motifs". Jaji akisema ndani ya maelezo kwamba Hiace ni ya yaya, lakini dispositif isiagize restitution (kurudishwa kwa kitu), mlinzi wa depo hatatoa ufunguo. Avoka aombe restitution kwa maneno hayo ndani ya conclusions (hoja za maandishi) zake. Ikitoka, ngojeni siku 10 ziishe, chukueni grefe certificat de non-appel (hati kwamba hakuna aliyekata rufaa), halafu nendeni na kopi ya hukumu. Malipo ya grefe yanapita kwa note de perception (karatasi rasmi ya malipo). Mkiombwa feza bila karatasi, ombeni karatasi. Siku ya kuchukua Hiace njooni na batri na pampu, na mwandike hali yake kwenye PV ya restitution kabla ya kutia sahihi.

Na wakati wote huu mtu asiuze lupango wala kuhamisha kitu. Kuuza kilichokamatwa ni kesi nyingine, na ya kwenu wenyewe safari hii.

Kwa wanaofikiri jina la ndugu ni ngao: kumbukeni kesi ya Vital Kamerhe, mkuu wa ofisi ya rais wakati ule. Tarehe 20 Juni 2020 tribunali ya Gombe ilimpa miaka 20, na utaifishaji ukafikia mali zilizokuwa kwa majina ya watu wa familia yake. Mwaka 2022 hukumu ya rufaa ilivunjwa Cassation (mahakama ya juu), kisha Cour d'appel (mahakama ya rufaa) ikamwachilia. Miaka miwili nzima hatima ya vitu vya jamaa ilining'inia kwenye kesi ya mtu mwingine.

---

Ruashi_Diaspo

Samahani kuingia kati. Na kesi ikiwa Marekani? Kijana wa familia amekubali kosa Texas. Nyumba yake ina majina mawili, lake na la mama yake aliye hapa Ruashi. Mama aandike sasa kwa jaji, kama mlivyoshauri?

---

Kisanga_Dallas

Hapana, kule ni kinyume. Ndani ya kesi za shirikisho (federal), kifungu cha 853 cha mada ya 21 ya sheria za Marekani (21 U.S.C.) kinakataza mtu wa tatu kuingia ndani ya kesi ya jinai kabla ya wakati. Akiandika mapema barua inawekwa pembeni. Mwenendo ni huu: mshtakiwa akikubali au akipatikana na hatia, jaji anatoa agizo la awali la utaifishaji bila kuangalia mali ni ya nani. Serikali inatangaza kwenye forfeiture.gov siku 30 mfululizo, na inatuma taarifa moja kwa moja kwa mtu anayeonekana kuwa na dai. Hapo ndipo saa inaanza: siku 30 toka mwisho wa tangazo au toka kupokea taarifa, *lolote lililotangulia*. Mama akipokea barua leo, asihesabu kwa tangazo.

Dai linaandikwa kwa Kiingereza na lieleze haki yake ni ipi, kiasi gani, aliipata lini na namna gani, mambo mengine yanayoithibitisha, na anaomba nini. Mama atie sahihi *mwenyewe*, chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo. Sahihi ya avoka peke yake haitoshi, na madai mengi yanatupwa kwa sababu hiyo tu. Notaire wa hapa si lazima: kifungu cha 1746 cha mada ya 28 kinakubali tamko bila kiapo, ila aliye nje ya Marekani lazima aandike kwamba anatamka chini ya sheria za Marekani, na aweke tarehe. Karatasi za Kifaransa ziende na tafsiri.

Njia za kushinda ni mbili tu. Ya kwanza: haki yake ilikuwa yake, au ilikuwa juu kuliko ya kijana, *wakati kosa linatendwa*. Ya pili: alinunua kwa bei ya kweli, bila sababu ya kushuku. Sheria inahesabu kwamba haki ya Serikali ilizaliwa siku ya kosa lenyewe. Kwa hiyo kama jina la mama liliwekwa kabla ya makosa kuanza, na alitoa feza yake, ana sehemu yake. Kama kijana alimwandika baadaye kama zawadi, zawadi si ununuzi, na kutojua kwake hakumwokoi. Vilevile feza alizomkopesha bila kuzifunga kwenye nyumba: yeye ni mdai wa kijana, si mwenye nyumba. Jaji anaamua bila jury, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mama. Akishindwa, bado anaweza kuomba msamaha wa utaifishaji (remission) kwa wizara ya sheria, lakini hiyo si haki yake, ni huruma yao.

---

Ruashi_Diaspo

Jina liliwekwa 2014, makosa wanasema 2018. Alituma dola 15,000 kwa benki mwaka huohuo wa 2014.

---

Kisanga_Dallas

Basi karatasi ya benki ya 2014 ndiyo kichwa cha dai. Ombeni benki ya hapa relevé (taarifa ya akaunti) yenye mhuri sasa hivi, za miaka kumi nyuma zinachukua muda kutoka kwenye akiba ya nyaraka. Na tunzeni bahasha ya taarifa na tarehe aliyoipokea. Dai lazima *lifike* kwa karani wa mahakama ndani ya siku hizo 30. Kulituma siku ya 29 kwa DHL kutoka Lubumbashi ni kuchelewa.